Kelele za Nyumbani

Hadi leo nikipita mbele ya duka la dobi huharakisha hatua. Harufu ya nguo zinazopigwa pasi wengine huipenda, husema ni harufu ya usafi na ya Ijumaa. Mimi hunirudisha mbali. Wanga wa kupulizia ukikutana na chuma cha moto hutoa harufu tamu kidogo, kama wali unaoanza kuungua chini ya sufuria, na ikichanganyika na udi uliofukizwa ndani ya makanzu, basi tena, nimeshafika Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, kwenye chumba kidogo nyuma ya jumba kubwa, kati ya gereji na tangi la maji. Humo mama yangu alisimama akipiga pasi, na mimi nikakaa chini kwenye zulia kuukuu, mgongo ukutani, saa ambazo watoto wenzangu walikuwa darasani. Bahari ilikuwa karibu sana, watu walisema, ng'ambo tu ya barabara ya pili. Sikuwahi kuiona. Mwaka mzima na zaidi niliijua kwa chumvi yake tu, iliyokuwa ikila kufuli la lango.

Miaka ile kwetu Kisauni, Mombasa, hapakuwa na nyumba isiyokuwa na mtu aliyekwenda Uarabuni au anayengoja kwenda. Wazazi wangu walichukuliwa pamoja, mume na mke, nyumba moja: baba dereva, mama kazi za ndani. Majirani wakasema hao wamepata bahati ya mtende, maana wengine hutenganishwa. Mimi niliachwa kwa nyanya. Nyanya alipofariki hapakuwa na wa kunilea, na mwenye nyumba kule Jeddah akasema, "Mleteni, acheze na watoto wangu." Nikapelekwa kwa viza ya kutembelea. Sikatai, siku ile tulimwombea dua. Mwenye nyumba huyo wafanyakazi wote walimwita Baba, na mkewe Madam; ndiyo desturi ya kule. Asubuhi yangu ya kwanza nilimwona baba yangu uani anaosha gari, nikapaza sauti, "Baba!" Aliyegeuka ni mwenye nyumba, aliyekuwa anatoka mlangoni. Akacheka. Baba yangu hakucheka. Baadaye alinikalisha chini akaniambia, "Maryam, humu ndani usiniite. Ukinitaka, nifuate nilipo." Tangu hapo nikimtaka nilikwenda nikamvuta shati. Sasa mimi ni mtu mzima na akili zangu, na bado siwezi kumwita baba yangu kwa sauti kubwa.

Viza yangu ikaisha. Kuisha kwa viza ni jambo dogo kwa mwenye uwezo wa kupiga simu mbili, na mwenye nyumba alikuwa na uwezo huo, kwa sababu yeye ndiye kafili wa wazazi wangu, mdhamini wao kwa sheria ya kule, ndiye aliyeshika pasipoti zetu zote na ndiye mwenye kauli ya nani atoke nchini na nani abaki. Kila baba yangu alipomuuliza, jibu lilikuwa moja: "Bukra, inshallah." Kesho, Mungu akipenda. Ikawa sina ikama, kile kibali cha ukaazi, sina ruhusa ya kuvuka lango, na shule ya kule isingenipokea bila karatasi. Nilikuwa nimeacha darasa la sita kule nyumbani, nikishindana na msichana mmoja kwa nafasi ya kwanza. Mama alijua mwaka mmoja ukipita nitarudi nyuma, na miwili ikipita pengine nisirudi kabisa. Alitaka kitu kimoja tu duniani, mimi nipigiwe muhuri wa kutoka, nipandishwe ndege, nikae kwa mamangu mdogo nisome. Hakutaka nyongeza ya mshahara wala likizo. Nasema hivi kwa sababu baadaye imeandikwa kwamba alitaka "uhuru wa sauti". Hakutaka uhuru wa sauti. Alitaka mwanawe aende shule.

Na sauti alikuwa nayo, hiyo hakupungukiwa. Mama yangu alikuwa mwimbaji wa harusini, yule anayetangulia na wenzake wakaitikia, na zaidi ya kuimba alijua kutunga papo hapo. Kwetu pwani mwanamke mwenye adabu hamtukani mtu usoni. Lenye kuuma analitia ndani ya wimbo, kijembe, bila kutaja jina, na anayelengwa anajijua. Akikasirika, amejitaja mwenyewe, akinyamaza, yamepita. Na kijembe hakielezwi. Ukimuuliza mtunzi amemkusudia nani, atakwambia ameimba tu, na wewe uliyeuliza ndiye utakayeonekana huna adabu. Mama hakuwahi mbele yangu kumwambia mtu neno baya waziwazi, hata fundi aliyetuibia mabati. Basi kule chumba cha pasi alikuwa akijiimbia: za Madam, za makanzu, za wageni wasiokwisha. Mimi chini pale nilikuwa nikijiziba mdomo kwa kitambaa nisicheke. Nani angemwelewa? Nyumba nzima Kiswahili hawakijui. Alikuwa ametua mzigo wake mahali ambapo hapana mwizi.

Halafu akaja Rima. Rima alikuwa binti mkubwa wa nyumba ile, anasoma Uingereza, amerudi kwa mapumziko ya kiangazi. Nisimsingizie: alikuwa mpole, alinisalimu kwa jina, na alikuwa mtu wa kwanza humo ndani kuniuliza nimesoma mpaka wapi. Alisomea fasihi ya watu weusi waliotawanyika duniani, wa Afrika na wa visiwa vya Karibi, waliobebwa kwa minyororo na waliokwenda wenyewe kwa meli na masanduku yao. Alinionyesha ramani yenye mishale, kutoka Afrika kwenda kwenye visiwa vya miwa, kutoka visiwa hivyo kwenda Uingereza. Niliitazama sana ramani ile kutafuta mshale wa kwetu. Mombasa ilikuwepo, Jeddah ilikuwepo, katikati yake rangi ya samawati tupu. Siku moja alipita gereji akamsikia mama akiimba, akasimama mlangoni. Alisimama mpaka pasi ikaanza kuacha doa kwenye kilemba cha baba yake, maana mama alikuwa amebung'aa kwa hofu.

"Zuhura, huu wimbo wa nani?" akauliza kwa Kiarabu.

"Wa pasi tu," mama akajibu.

Kesho yake akaja na kinasa sauti, kidogo cha kutosha kiganjani. Akaeleza, na mimi nikawa namsaidia mama pale Kiarabu chake cha jikoni kilipokwama: anaandika tasnifu kuhusu nyimbo za wanawake walio mbali na kwao, waliolea watoto wa wengine, na hajapata kamwe mwimbaji aliye hai. Mama akazima pasi. Sikuwahi kumwona akiizima mchana. Akasema, "Nitakupa nyimbo. Zote ninazo. Na maana yake nitakupa. Wewe zungumza na Baba, huyu mtoto apigiwe muhuri wa kutoka kabla shule hazijafunguliwa." Rima akaweka mkono kifuani. "Wallahi nitazungumza naye. Haki yako, Zuhura." Mama akaniangalia, na ule uso sitausahau, alikuwa tayari ananiona nimevaa sare.

Basi kiangazi kizima kikawa hivyo. Rima akija baada ya adhuhuri, Madam akiwa amelala, anaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kinasa sauti kwenye kona ya meza ya pasi. Mama anaimba, Rima anauliza, mama anaeleza. Kumsikia mama akieleza kijembe kulinitia aibu ambayo sikuwa na jina lake. Mwenyewe alikuwa anaeleza huku ameinamisha kichwa, kama mtu anayechukuliwa vipimo vya sanda. Usiku baba alimuuliza, "Hizo maana unamtolea za nini? Muimbie tu, basi." Mama akamjibu, "Maana ndiyo anayoitaka. Wimbo bila maana kwake ni sauti ya feni." Baba akasema haya, wewe ndiye unayejua. Wote watatu tulikuwa tunaamini kwamba kinachoingia kwenye kile kidude kinakwenda Uingereza kwa walimu, watu wazito wasiokujua, na huko kitakaa. Wala hatukuuliza kitasomwa wapi. Kwetu wimbo wa harusi ya Kisauni hauendi kuimbwa nyumbani kwa aliyelengwa, na atakayeupeleka huko huitwa mfitini. Msomi hatukujua anaitwaje.

Wiki za mwisho mama alitunga wimbo wa Madam. Madam alikuwa na kawaida ya kutia alama ya kalamu kwenye chupa ya maziwa, ajue kama kuna aliyekunywa. Na alikuwa na mtoto mchanga, wa kiume, ambaye tangu alfajiri mpaka kulala alikuwa mgongoni kwa mama yangu. Siku hiyo mama alipitisha kidole kwenye ufizi wake akakuta jino la kwanza. Alifurahi, masikini, akamwita baba aje aone. Kisha akaingia kupiga pasi, akatoa hili:

*Chupa waitia wino, maziwa yasipungue,*
*Mwanao kaota jino, wa mwisho weye ujue.*

Rima alipoelezwa maana, macho yakamjaa machozi. Akasema hili ndilo, hili ndilo alilokuwa akilitafuta. Nami kwa sababu nilimwona amelainika nikamwambia mama kwa Kiswahili, "Mama, muulize, shule narudi lini?" Mama akamuuliza. Rima akajifuta macho, akanipapasa shavu. "Bukra, habibti, bukra." Halafu akamgeukia mama: "Imba tena, Zuhura, toka mwanzo."

Siku mbili tatu kabla ya Rima kurudi Uingereza, Madam alimfanyia karamu ya wanawake. Sebule ya wageni ilijaa, mama amembeba mtoto huku akimimina kahawa, mimi nikizungusha sahani ya tende. Wageni wakamwomba Rima awaambie anasoma nini huko. Na Rima, kwa moyo mweupe kabisa, nitaapa hata leo kwamba ulikuwa mweupe, akasimama akawasomea. Akaeleza habari za yaya wa visiwa vya miwa waliowaimbia watoto wa mabwana, kisha akasema, na sisi humu majumbani mwetu tunazo sauti kama hizo, hatuzisikii tu. Akausoma wimbo wa maziwa kwa Kiarabu alichokitafsiri mwenyewe. Hakutaja jina. Alidhani kutotaja jina kunatosha. Kisha akaeleza maana, neno kwa neno, jino ni nini na wino ni nini, kama alivyoelezwa.

Wanawake wakaguna kwa kupendezwa. Mmoja akacheka, akamuuliza Madam kama na yeye hutia alama chupa zake. Madam naye akacheka. Akanyoosha mikono, mama akampa mtoto. Mbele ya wageni wote Madam akaingiza kidole kinywani mwa mwanawe, taratibu, akapapasa ufizi wa chini. Kidole kikasimama. Akakitoa, akakifuta kwa kitambaa, akaendelea kuzungumza na jirani yake habari za harusi ya fulani. Nikaiweka chini sahani ya tende. Nilikuwa mtoto wa Kisauni, nilijua kilichotokea: kijembe kimeelezwa mbele ya mwenyewe, hakuna tena pa kujifichia, si yeye wala si mama.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kesho yake mwenye nyumba alimwita baba yangu akamwambia anahitajika Riyadh, kwenye bohari lake la Al-Sulay, kushusha na kupakia mizigo. Dereva mwingine amepatikana. "Yalla, gari linaondoka adhuhuri." Mama alipouliza kuhusu muhuri wangu, Madam ndiye aliyejibu, bila kuinua macho kwenye simu yake: "Mafi khuruj. Halas." Hakuna kutoka, yamekwisha. Mtoto akaondolewa mgongoni mwa mama akapewa yaya mgeni, naye kwa siku nyingi alikuwa analia akinyoosha mikono kila mama anapopita. Mama alimfuata Rima chumbani wakati anafunga sanduku. Nilikuwa nyuma yake. Rima alilia, alimkumbatia, akasema mama yake amekasirika sana sasa hivi, si wakati mzuri, lakini ataandika kutoka huko, atampigia Baba simu, lazima. Na kinasa sauti kilikuwa juu ya sanduku, kimefungwa ndani ya soksi kisivunjike. Akaondoka. Kama alipiga simu, sisi hatukusikia. Mama akaendelea kupiga pasi, na chumba kile kikawa na sauti ya mvuke peke yake.

Shule zikafunguliwa bila mimi, zikafungwa, zikafunguliwa tena. Aliyenitoa ni baba yangu. Alikuja na lori la bohari lililoleta mizigo Jeddah, akanificha nyuma ya kiti cha dereva mwenzake, na tukaenda Riyadh kutwa nzima jangwani, kila kizuizi cha barabarani nikishika pumzi. Mama alibaki, pasipoti yake ilikuwa kabatini kwa Madam. Aliniaga pale chumba cha pasi kwa kunifunga vizuri mtandio na kuniambia nisome. Riyadh tulikaa Al-Shumaisi, chumba cha wanaume wa Kikenya walalao kwa zamu, na wao wakanigawia kona kwa pazia la shuka. Mmoja, Wafula, mlinzi, Mkristo wa Bungoma, ndiye aliyekuwa akifuatana na baba ubalozini kuniombea hati ya kusafiria, na kila asubuhi alinifundisha hesabu kwa chaki ukutani. "Usijali, mrembo," alikuwa akisema, "hii karatasi itatoka tu, hata wao watachoka kutuona." Ikatoka, ikachukua muda wake. Nikarudi nyumbani na kundi la wanawake waliokuwa wanarejeshwa, wengine hata viatu hawana. Nilipoingia darasani nilikuwa mkubwa kuliko wote, na yule msichana niliyekuwa nikishindana naye alikuwa ameshakwenda sekondari. Baba alirudi mwaka uliofuata na mgongo mbovu. Mama alirudi nikiwa kidato cha tatu. Tukamwandalia watu, wakamwimbia, wakamsukumia ngoma. Akatabasamu, akasema koo lake halina nguvu. Hakuwahi kuimba tena, harusini wala jikoni.

Mimi nikasoma, sikukosea agizo. Leo nina shahada, nina pasipoti yangu mwenyewe, inakaa kwenye mkoba wangu na usiku hulala nayo chumba kimoja. Na kama kichekesho, ninasomea shahada ya pili katika kitu kilekile, fasihi ya Waafrika na Wakaribi walio ughaibuni. Darasani tunawasoma waliovuka bahari kwenda kwenye baridi, waliokodishiwa vyumba vya kunuka, walioitwa majina, na watu hutokwa na machozi ya kweli, hata mimi. Lakini nikisema kwamba mama yangu pia alikuwa ughaibuni, wenzangu hunitazama kwa huruma, kama niliyechanganya somo na habari za televisheni. Kisha muhula huu mwalimu akatupa sura ya kitabu kipya, akasema hatimaye kuna mtu aliyeigeuza ramani. Nikaona jina la Rima. Nikaona wimbo wa mama, Kiswahili na Kiingereza, na chini yake, "mwimbaji asiyejulikana, Jeddah, jina limefichwa kwa usalama wake." Na lililoniuma kuliko yote, imeandikwa vizuri. Ameuweka wimbo ule kando ya nyimbo za mayaya wa miwa, na unang'aa. Ningekuwa mwalimu ningempa alama za juu. Wenzangu wakajadili kutwa kimya cha wasiosikika, na mwalimu akasikitika kwamba mwimbaji huyu hatutamjua kamwe. Nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka dirishani. Nilitaka kusimama niseme anaitwa Zuhura, anakaa Kisauni, goti la kushoto linamsumbua. Sikusema. Nilikuwa nasoma mstari ulio kati ya ubeti ulipoimbwa mara ya kwanza na ulipoimbwa tena. Hapo Rima ameweka mabano, na ndani yake maneno matatu: *kelele za nyumbani*.

Sauti yenyewe imewekwa kwenye mtandao na chuo chake, mtu yeyote aweza kuisikiliza. Nilikwenda nayo nyumbani Ijumaa, mama amekaa na ungo anachagua mchele, baba amelala chumbani. Nikaweka simu juu ya mkeka. Pasi ikapuliza, kisha sauti yake ikatoka, changa, nyembamba, imejaa kicheko. Mama akaendelea kuchagua mchele. "Alikuwa anaimba vizuri," akasema, kama anayezungumzia jirani aliyehama. Wimbo ukafika mwisho. Halafu ikaja ile ambayo kitabu kinaiita kelele: *Mama, muulize, shule narudi lini?* Vidole vya mama vikasimama juu ya ungo. Kisha Rima, karibu kabisa na kinasa, laini: *Bukra, habibti, bukra.*

"Rudisha," mama akasema. Nikarudisha mwanzo wa wimbo. Akatikisa kichwa. "Siyo wimbo. Hapo pa mtoto."

Nikarudisha. Mtoto akauliza tena, Rima akajibu tena, na mama yangu, ambaye katika maisha yake yote sikumsikia akimwambia mtu neno baya usoni, akaiinamia ile simu.

"Mrongo weye," akasema. Kisha akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa nje.